Tofali la Halua

Nilijifanya mtaalamu. Wiki nzima kabla ya safari yetu ya kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, siku tatu begi mgongoni, kazi yangu ilikuwa kushika simu na kupiga hesabu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya sukari au wanga, kalori 4 tu. Chungwa la Muheza, na utamu wake wote, sehemu kubwa ni maji. Sasa mtu apandishe maji mlimani ya nini, na mito iko hukohuko?

Nikanunua halua kilo moja, karanga za kukaanga kilo moja, tende nusu, na samli nusu kilo. Samli peke yake kalori 4,500! Binamu yangu, niliyekuwa nikienda naye, alinisikiliza mpaka mwisho bila neno, kisha akafunga viazi vitamu vya kuchemsha na dagaa kwenye kitambaa.

"Binamu, viazi vina maji hivyo."

"Na mimi nina kiu."

Bibi naye alichungulia begi langu, akaiona halua. "Mjukuu wangu, waenda mlimani au wapeleka posa?"

Samli niliitia kwenye kopo ambalo mfuniko wake ulikuwa umeshachoka na dunia. Zamani ningelizungushia rambo mbili nikamaliza, lakini rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, nikalifunga kwa fulana. Hilo nalikubali, kosa langu. La pili ni la konda. Kosta ilijaa mpaka mlangoni, akaninyang'anya begi na kulilaza kifudifudi juu ya boneti, pale kwenye injini pembeni ya dereva. Wanaopanda Kosta wanalijua joto la pale. Ungeweza kupikia chapati.

Muheza tukapita salama. Segera salama. Korogwe nikaanza kusikia harufu ya pilau, nikajua kuna abiria amefungasha. Tulipokata kona Mombo kuanza kupanda, begi likalala upande wa kushoto, na mzee aliyekaa kiti cha mbele, kanzu nyeupe pe, akainua mkono wake polepole akautazama. Mkono wa kanzu ulikuwa unang'aa.

"Begi la nani hili?"

Kimya. Binamu akanionyesha kwa kidole, bila hata kusita.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Akanusa mkono. Akanusa tena. "Samli nzuri hii. Umeipata Handeni?"

Niliomba radhi kutoka pale mpaka Soni. Mzee alishanisamehe zamani, ila alitaka kujua bei ya kilo, na mimi nilivyochanganyikiwa nikamtajia kalori.

Usiku tulilala kwa mama mmoja jirani na msitu wa Magamba. Ilikuwa Julai, na Lushoto ya Julai mtu wa Tanga mjini hana nguo zake. Nikafungua begi nile. Halikufunguka. Samli iliyoyeyuka barabarani ilikuwa imeingia kila mahali, ikapata baridi, ikaganda. Halua, karanga, tende, fulana, mswaki na soksi mbili vilikuwa kitu kimoja, kizito, cha pembe nne. Katikati yake kulikuwa na mwanga wa rangi ya chungwa. Tochi yangu ilikuwa imejiwasha yenyewe humo ndani.

Nilichimba kwa kijiko, kijiko kikapinda. Mama mwenye nyumba akaja na panga. Alipiga mara moja, akasimama, akaanza kucheka, akaenda kumwita jirani. Jirani akaja na wanawe.

Njaa haina aibu; nikala kipande nilichokatiwa. Kitamu, siwezi kusema uongo. Tatizo ni kwamba kalori zote zile zilifika tumboni kwa pamoja, na choo cha mama yule kiko ng'ambo ya shamba la mahindi, na tochi bado ilikuwa ndani ya halua. Sitaki kuingia kwa undani.

Asubuhi binamu alikula viazi vyake viwili na dagaa, akanywa maji, akawa tayari. Mimi nilipewa ugali na maharage kwa huruma. Tofali tuliwaachia watoto wa jirani, kwa sharti moja tu: watakapofika kwenye soksi, waninusuru.

Waliirudisha moja. Begi nimelifua mara nne tangu tuliporudi, nikalianika kambani uani. Paka watatu wa mtaa wamehamia chini yake, na bibi amewapa majina.