Niliambiwa Nipake Oili, Nikapaka

Wiki yangu ya pili ya kujifunza uchomeleaji pale Gerezani, Dar es Salaam, mzee aliniachia kazi moja ya jioni. "Dogo, kabla hujafunga, vyombo vitie oili. Kutu inavimaliza." Akadandia daladala, akaenda zake. Hakusema wapi wala kiasi gani, nami siku hizo niliamini kuuliza ni kukosa adabu.

Dumu la oili chafu lilikuwepo. Nikaanza na koleo: tone moja pale kwenye kiungo, fungua-funga, fungua-funga, likalegea raha tupu. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana, nayo nikaitia kwenye kile kigurudumu chake. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini sifa! Jiliwa, lile la kubania chuma mezani, nikalipaka kuanzia skrubu mpaka meno. Tupa zote nne nikazisugua kwa kitambaa mpaka oili ikajaa kila jino. Nyundo nikaipaka kichwa na mpini, na kwa vile mpini ulikuwa umekauka, nikaurudia. Oili ikabaki kidogo, na mimi sipendi kumwaga mali ya mtu.

Asubuhi: "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naona vinang'aa!"

Akabana skwea paipu kwenye jiliwa, akasukuma msumeno mara mbili tu, paipu ikachomoka kama kambare. Akaibana tena, akaikata kwa taabu, kisha akashika tupa alainishe ncha. Tupa ikawa inateleza juu ya chuma kama anampapasa paka. Akaitazama. Akainusa.

"Umeipaka oili tupa?"

"Zote nne, mzee."

Akavuta pumzi, akaokota nyundo anyooshe kipande cha bati. Mkono ulishuka, nyundo haikushuka. Ilipita juu ya vichwa vya wateja, ikatua kwenye sufuria la maharage la mama ntilie wa jirani. Akaja nayo ameiinua kwa mwiko, inachuruzika rojo.

"Hii ya nani?"

Kijiwe kizima kikanionyesha mimi. Sufuria lile nililipia kwa posho ya siku tatu.

Mchana nikawa nasugua tupa kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, somo likiteremka juu ya kichwa changu. Oili huenda pale chuma kinaposuguana na chuma. Tupa hupakwa chaki, uchafu wa chuma usigande kwenye meno. Msumeno ukikata chuma cha kawaida, utie tone. Chuma cha kalibu, kile kilichoyeyushwa na kumiminwa, kikate kikavu. Meno ya bledi yaangalie mbele, na paipu nyembamba itake bledi ya meno 32 kwa inchi, walau matatu yaume kwa pamoja.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Haya." Akakivuta kigoda chake cha chuma, akaketi na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi.

Kigoda nilikuwa sijamwambia.