Shilingi ya Kenya na ya Tanzania: hiyo moja kwa ishirini ilitoka wapi?

Mada ya Kenya na Tanzania ikianza tu mtandaoni lazima mtu aitupie ile namba, shilingi moja ya Kenya ni kama ishirini za kwetu, kwa hiyo uchumi wetu hoi. Wengine wanajibu hiyo ni namba tu, mbona Japani dola moja imefika yen 150 na hakuna anayewaita maskini. Mimi nawaunga mkono zaidi hawa wa pili, ila kuna kitu wanakipita haraka mno.

Hizi hela zilianza sawa kabisa. Kabla ya 1966 Kenya, Uganda na Tanzania Bara na Visiwani tulikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni ya Uingereza, halafu kila nchi ikafungua benki kuu yake na zikatoka shilingi tatu zenye thamani ileile, kama 7.14 kwa dola. Jumuiya ikafa 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983, na bado kwenye makaratasi hizi shilingi zikawa zinaenda pamoja! Mwaka 1985 dola ilikuwa kama 16 Kenya na kama 17 kwetu.

Sasa ruka miaka mitano tu. 1990 dola ni kama 23 Kenya, kwetu ni 195. Yaani aliyekuwa na 10,000 za kwetu benki mwaka 85, kwa bei ya serikali hiyo hela ilikuwa na thamani ya zaidi ya 9,000 za Kenya, na kufika 1990, elfu kumi ileile (riba weka pembeni) ni kama 1,200 hivi. Watu wanadhani tumeshuka polepole miaka yote, hapana, sehemu kubwa ya pengo ilifunguka hapo.

Ndiyo maana wapo wanaolaumu 1986, kwamba Nyerere aliwakatalia IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) kushusha thamani ya shilingi, akang'atuka, Mwinyi akaingia wakasaini na hela ikaporomoka. Wana hoja, kwa sababu mfanyakazi wa mshahara aliumia kweli, kila kinachotoka nje kuanzia mafuta mpaka dawa kilipanda na mshahara haukukimbia nacho. Lakini ile bei ya 17 ya mwaka 85 ilikuwa inamsaidia nani? Baada ya vita vya Kagera na mafuta kupanda nchi haikuwa na dola, benki ungeijua bei lakini dola yenyewe hupati, na kwenye magendo ilikuwa inauzwa mara kadhaa ya bei ya benki. Mkulima wa kahawa au pamba ndiye alikuwa anakamuliwa, zao lake linauzwa nje kwa dola na yeye analipwa kwa hesabu ya ile bei ya bandia, na hakuna tangazo la kushusha thamani lililotolewa siku hela yake ilipoanza kupotea. Kwangu mimi 1986 serikali ilikiri tu hasara ambayo ilikuwa imeshatokea. Na hapo ndipo wanaosema ni namba tu wanapokosea, kwa sababu ndani ya namba hiyo kuna akiba na jasho la watu.

Baada ya hapo mwendo unatulia. Mwaka 2000 ilikuwa kama 10 na nusu kwa moja, kwa sababu miaka ya tisini Kenya nao walianguka, ile 1993 baada ya uchaguzi na kashfa ya Goldenberg ya wizi wa hela za serikali. Halafu 2005 ikawa 15, 2015 ikawa 20, 2019 ikapita 22.

Ila hiyo 22 nayo usiiamini moja kwa moja. Mwaka 2018 IMF walisema shilingi ya Kenya imezidi thamani yake halisi kwa kama asilimia 17.5, Benki Kuu yao ikakataa. Ikaja 2023, deni lao la Eurobond (hati za mkopo wa dola walizouza nje) la dola bilioni 2 linakaribia kuiva, watu wakaingiwa na hofu, mpaka Januari 2024 dola ikafika kama 160 huku kwetu iko kwenye 2,520. Gawanya hapo, 2,520 kwa 160, unapata 15.75. Februari Kenya wakakopa upya na kulilipa sehemu kubwa ya lile deni, shilingi yao ikarudi kwenye 130, na katikati ya mwaka tuko tena kwenye 20. Hakuna aliyetajirika wala kufilisika kati ya Januari na Juni kwa kiasi hicho.

Hii ina uzito kwa sababu mkataba wa sarafu moja ya Afrika Mashariki ulisainiwa Kampala 2013, ulikuwa uanze 2024, sasa wanazungumzia 2031. Wengi wetu wanaogopa kwamba tukibadilishiwa ishirini kwa moja tumeonewa. Hapana, bei na mishahara vyote vitagawanywa kwa namba ileile. Cha kubishania ni siku ya kupanga hiyo bei ya kubadilishia hela, maana milioni moja ya kwetu Januari 2024 ilikuwa kama 63,500 za Kenya, na Juni mwaka huohuo milioni ileile ni kama 49,000.