Hatua elfu kumi za mzee: je, kutembea peke yake kunatosha?

Zawadi ya mtoto kwa baba aliyestaafu imebadilika. Zamani ilikuwa koti au redio, siku hizi ni saa ya mkononi inayohesabu hatua, na agizo juu yake: "Baba, usilale kabla hujafikisha elfu kumi." Agizo hilo lina mapenzi ndani yake, na sehemu kubwa yake ni kweli. Lakini kuna sehemu inayoweza kumpeleka mzee wodi ya mifupa, na ndiyo isiyosemwa.

Tuanze na hiyo elfu kumi yenyewe, kwani haikuanzia hospitalini. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuvaa kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilikuwa zuri kwa biashara, na namba ikaganda vichwani mwa watu. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake nchini Marekani, uliotolewa 2019, ulifuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea karibu hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi hatua 7,500 hivi, kisha ikasimama. Namba hizi zisomwe kwa uangalifu: aliye mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ni mgonjwa, na watafiti hawawezi kuondoa jambo hilo lote. Hata hivyo zinampa mzee unafuu mkubwa. Tofauti ya 2,700 na 4,400 ni hatua 1,700, karibu kilomita moja, dakika 20 kwa mwendo wa kawaida. Mzee anayefika dukani na kurudi mara mbili huenda ameshaifikia.

Wanaotetea kutembea wana hoja nzito. Hakuhitaji ada wala mkufunzi. Husaidia kushusha presha, hurahisisha usingizi na choo, humtoa mtu ndani akaonana na watu. Kwa mwenye kisukari au anayenyemelewa nacho, wakati wa kutembea nao una maana yake. Jaribio moja dogo la mwaka 2013, lenye wazee kumi tu, lilionyesha kwamba dakika 15 baada ya kila mlo zilituliza sukari ya saa 24 sawa na dakika 45 za mfululizo asubuhi, na baada ya mlo wa jioni zilifanya kazi vizuri zaidi. Watu kumi ni wachache, lakini sababu yake inaeleweka: misuli inayofanya kazi huichukua sukari kutoka kwenye damu wakati uleule inapopanda. Katika nyumba ambako ugali au wali wa usiku ndio mlo mkubwa wa siku, na watu hutoka mezani moja kwa moja hadi kwenye kochi la televisheni, huo ni ushauri wa kushika.

Sasa upande wa pili, unaohusu kuanguka. Mapitio ya mwaka 2019 yaliyokusanya majaribio 108 yaliona kwamba mazoezi ya kusimama imara na ya kutumia miguu hupunguza matukio ya kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Kutembea peke yake hakukuonyesha faida hiyo kwa uhakika. Jaribio la Uingereza la mwaka 1997 lilikwenda mbali zaidi: wanawake waliowahi kuvunjika mkono, walipowekwa kwenye mpango wa kutembea haraka, walianguka zaidi ya wenzao.

Sababu iko kwenye mwili wenyewe. Mwendo wa barabarani ni wa kwenda mbele, kwa kasi ileile, mguu ukifuata mguu. Mzee haanguki hivyo. Huanguka akigeuka jikoni na sufuria mkononi, akiinuka kwenye kochi la chini, akienda chooni usiku taa zikiwa zimezimwa, au ncha ya kandambili ikinasa kwenye ukingo wa mkeka. Hapo mwili unahitaji nyonga imara za kuzuia kuyumba upande, na mguu unaoweza kurushwa mbele ghafla kabla kichwa hakijafika chini. Nyuzi za misuli zenye nguvu hiyo ya ghafla ndizo zinazonyauka mapema uzeeni, na mwendo wa taratibu hauziamshi.

Hapa wengi hujibu kwa hoja ya wazee wa zamani: babu wa kijijini hakuwa na mkufunzi, alitembea tu, akafika miaka tisini na mgongo wake umenyooka. Hoja hii inapendwa sana, na mimi naiona inathibitisha kinyume. Babu hakuwa akitembea tu. Alichuchumaa chooni kila siku, akaketi kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, akapanda kilima na jembe begani, akainama kupalilia. Anayeswali chini, katika rakaa 17 za swala tano, huinuka kutoka sakafuni si chini ya mara 12 kwa siku. Hilo ni zoezi la mapaja ambalo kliniki yoyote ya viungo ingeliagiza. Mstaafu wa mjini ameketi kwenye kochi, choo chake ni cha kukalia, na maji yanatoka bombani. Ukimrudishia kutembea peke yake, umemrudishia kipande kimoja cha maisha ya babu na kuacha vipande vilivyomshikilia asianguke.

Hata utafiti unaotajwa sana kuwatetea watembeaji una jambo hilo ndani yake. Jaribio la LIFE la Marekani, lililotangazwa 2014, lilikuwa na watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89. Baada ya karibu miaka miwili na nusu, waliofanya mazoezi walioshindwa kutembea mita 400 walikuwa asilimia 30.1, dhidi ya 35.5 kwa wenzao waliopewa mafunzo ya afya tu. Watu husimulia kana kwamba ni kutembea kulikofanya kazi hiyo. Mpango ule ulikuwa na kutembea, pamoja na kuimarisha miguu na mazoezi ya kusimama imara. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linasema vivyo hivyo: angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na kuendelea, mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: miguu kwanza, kilomita baadaye. Mzee aliyekaa muda mrefu bila mazoezi atumie wiki tatu au nne za mwanzo ndani ya nyumba. Achukue kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemee ukuta. Akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa taratibu mara 8 hadi 10, apumzike, arudie. Akishindwa kuinuka bila mikono, aongeze mto kwenye kiti. Kuinuka mara tano kukimchukua zaidi ya sekunde 15, miguu yake imedhoofika na haina budi kushughulikiwa kabla ya kasi. Kisha ashike ukingo wa sinki, ainue visigino mara 10, atembee kwa upande kutoka kona hadi kona. Mwisho asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, sekunde 10, mkono ukiwa karibu na ukuta. Siku tatu kwa wiki zinatosha.

Akitoka nje, aanze na dakika 10 na kuongeza dakika mbili au tatu kila wiki. Kasi ipimwe kwa mdomo: aweze kuzungumza sentensi nzima, asiweze kuimba. Saa 12 asubuhi hadi saa 2 ni muda mzuri pwani, kabla jua halijawaka. Barabara isiyo na njia ya miguu itembewe upande wa kulia, magari yakija usoni. Raba iwe na kisigino kilichofungwa na soli isiyolainika kama godoro, kwani soli nene mno humnyima mzee kuhisi ardhi. Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa mguu usio na tatizo, kipini kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukining'inia, na mpira wa chini ubadilishwe ukilainika. Miwani yenye lenzi mbili hupotosha ngazi. Wengine huona vizuri zaidi wakiwa na miwani ya mbali pekee.

Goti likiuma kidogo wakati wa kutembea si sababu ya kuacha. Maumivu yakidumu zaidi ya saa mbili baadaye, au goti likiamka limevimba, punguza umbali kwa nusu. Shavu la mguu linalokaza kila baada ya umbali uleule na kutulia ukisimama ni dalili ya mishipa ya damu iliyobana, na daktari apaswa kujua. Kifua kubana au kupoteza fahamu humaanisha kuacha kutembea na kutafuta msaada mara moja. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, kama glibenklamaidi, asitoke bila peremende mfukoni. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni, kwani malengelenge asiyoyahisi ndiyo mwanzo wa kidonda. Anayetumia dawa za presha aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama.

Limebaki tatizo la mahali. Dar es Salaam kuna Daraja la Tanzanite, Mombasa kuna Mama Ngina, Nairobi kuna msitu wa Karura, lakini wazee walio wengi hawaishi jirani na huko. Mitaani kwao kuna mitaro iliyo wazi na bodaboda zinazopita hata mlangoni. Kumlazimisha mzee wa hivyo afikishe hatua elfu kumi barabarani ni kumhatarisha. Ua au korido ya mita 20 inatosha: kwenda na kurudi mara 25 ni kilomita moja, na kila mwisho wa ukuta ageuke kwa hatua ndogo ndogo, bila kusokota mguu. Hapo atakuwa amegeuka mara 49, jambo ambalo barabara iliyonyooka isingempa.