Unapayuka, Tena Vibaya

Darasani Dar es Salaam, mwalimu wa Kijerumani alituwekea mazungumzo kwa madaraja. Gespräch ni mazungumzo ya maana. Unterhaltung ya kupitisha muda. Plauderei ni soga, Klatsch ni umbeya. Schwätzen likawa mkiani kabisa: kupayuka. Wajerumani walituachia neno shule wakaondoka, haya mengine tunayafuata wenyewe kwa nauli yetu.

Nikapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji mdogo karibu na Stuttgart, Ujerumani. Asubuhi moja nampakia bibi mmoja siagi kwenye Brezel yake, ule mkate wao wa kusokotwa, huku namsimulia mahamri na mbaazi za kwetu Tanga. Akanitazama juu ya miwani, akasema: "Sie schwätzet aber arg schee Deitsch!"

Schwätzet nimelisikia. Arg nalo nimelisikia, na kwenye Kijerumani cha darasani arg ni ubaya. Schee sijui ni nini. Basi: napayuka, tena vibaya. Mtu mzima kakwambia hivyo, utamjibu nini? Nikasema "Danke," nikafunga domo.

Tangu siku hiyo nikawa wa neno mojamoja. Siagi? Chai? Dirisha?

Haikupita wiki nikakuta kwenye ratiba ya zamu, mbele ya jina langu: Gespräch, 14:00. Dada mmoja Mbosnia wa zamu yangu akasoma, akashusha pumzi. "Soga haiandikiwi saa," akaniambia. "Ukiona imeandikiwa saa, beba karatasi zako."

Nikabeba zote. Mkataba, kadi ya chanjo, na cheti cha B2, kile cha kiwango cha Kijerumani changu, nilichokitia plastiki kabisa. Kuingia ofisini, msimamizi kakaa na fomu, na pembeni yake bibi yangu kwenye kiti cha magurudumu, kajipamba na mkufu wa lulu.

"Bibi hana raha," msimamizi akaanza. "Anasema umeacha kuongea. Kwenu kuna msiba?"

Nikaweka cheti mezani. Nikasema, kwa Kijerumani kilichonyooka, kwamba huenda napayuka kweli, lakini nimepayuka hadi B2.

Bibi akakichukua, akakisoma mbele na nyuma. "B2," akasema. "Mimi nimezaliwa hapa, sina."

Msimamizi alicheka mpaka akafuta machozi. Kumbe kwa Waswabia, wenyeji wa huku, schwätzen ndiyo kuongea kwenyewe, padri anaschwätzen, daktari anaschwätzen. Arg ni sana, na schee ni ile schön ya kila siku, yaani vizuri. Nilisifiwa Kijerumani changu, nikanuna, na ajuza wa watu akawa hapati usingizi akidhani tumefiwa.

Ila Gespräch ya saa nane haiishi kwa kucheka, fomu sharti ijazwe. Penye mada msimamizi akaandika "schwätzen". Penye makubaliano: "mfanyakazi aendelee". Tukasaini wote, na bibi naye, ingawa hakutakiwa, nani angemzuia? Nakala imo kwenye faili langu la kazi, yeyote atakayeniambia nimezidi maneno namwonyesha.