Mtoto Asisimulie Mara Tano

Juzi nilimsindikiza jirani yangu hospitalini na bintiye wa miaka minane, aliyenajisiwa. Pale dirishani, foleni nzima ikisikiliza nyuma yetu, karani akamuuliza mtoto kafanywa nini. Akajibu. Nesi akauliza, akajibu. Daktari wa zamu akauliza, akajibu. Tukatumwa polisi kuchukua fomu, na huko nako akajibu. Tuliporudi na kufika kwa afisa ustawi wa jamii, hakujibu tena. Alikuwa ameshika pindo la gauni lake, anavuta uzi mmoja, anavuta, mpaka pindo likafumuka lote. Yule dada akambembeleza, "Sema mwanangu, usiogope." Kisha nikamwona akiandika: mtoto hatoi ushirikiano.

Ushirikiano gani tena? Ameshautoa mara nne, kwa watu wanne asiowajua, na hakuna aliyejisumbua kusoma alichoandika mwenzake.

Kumuuliza upya mtoto aliyeumizwa ni kumtonesha, na pia ni kuiharibu kesi yake. Kila mtu anauliza kwa namna yake. Mtoto akirudiwa swali lile lile hudhani jibu la kwanza lilikuwa baya, basi analibadili ili amridhishe mkubwa. Siku ya mahakama, wakili wa mshtakiwa hahitaji zaidi ya hapo.

Njia nyingine ipo, na si ya jana. Huntsville, Alabama, kule Marekani, walifungua mwaka 1985 kituo cha kuwahudumia watoto kama hawa mahali pamoja. Aislandi wakaanzisha Barnahus, yaani nyumba ya watoto, mwaka 1998. Katika Barnahus, mtoto anakaa na mtu mmoja aliyesomea kuzungumza na watoto. Polisi, mwendesha mashtaka, ustawi wa jamii na wakili wa utetezi wanafuatilia kwenye skrini chumba kingine. Mazungumzo yanarekodiwa. Daktari yumo humo humo, na mshauri wa kumtibu hofu yumo humo humo. Watu wazima ndio wanaomfuata mtoto.

Nitaambiwa hakuna fedha. Sawa, nakubali, si kila hospitali itapata jengo. Lakini chumba chenye mlango unaofungwa, na mtu mmoja aliyefunzwa, hilo nalo linashindikana?

Na saa zinakwenda. Dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Daktari aanze, fomu itafuata.

Halafu kuna lile neno "hakuna kitu". Watoto wengi walionajisiwa hawakutwi na jeraha lolote wakipimwa. Sehemu hizo hupona haraka, na mara nyingi hazikujeruhiwa kabisa. Daktari aliyesomea jambo hili anajua, na ataandika kwamba kutoonekana jeraha hakukanushi maelezo ya mtoto. Asiyejua anaandika "hakuna kitu", na neno hilo likifika nyumbani linageuka kuwa "alidanganya". Nimeona mtoto akichapwa kwa ajili ya neno hilo.

Tulitoka jua likizama. Mama mtu alikuwa amelifunga lile pindo kwa pini. Akaniuliza kama kesho watatakiwa kurudi. Nikamwambia ndiyo, saa mbili asubuhi, dirisha lile lile.