Ibada ya kuwashukuru waliotoa figo: nani aitwe mbele?

Huko Dublin, mji mkuu wa Ireland, mtaa wa Drumcondra, kuna kanisa liitwalo Corpus Christi. Kwa miaka mingi chama cha wagonjwa wa figo cha nchi hiyo, Irish Kidney Association, kimeandaa humo ibada ya kila mwaka ya kumbukumbu na shukrani. Huhudhuria waliopandikizwa viungo, na huhudhuria jamaa za marehemu ambao viungo vyao vilitolewa baada ya kufa. Aliyepokea haambiwi jina la marehemu aliyempa, wala familia haiambiwi figo ya mtoto wao iko kwa nani. Huenda wakakaa kiti kimoja na kupeana mkono wa amani, kila mmoja asijue anayemshika ni nani.

Tangu nilipoisikia habari hiyo nimekuwa nikijiuliza kama ibada ya namna hiyo ingefaa kwetu Malindi. Nimeizungumza na wenzangu wa jumuiya ndogo ndogo, na tumegawanyika vibaya. Mimi naona ifanyike. Ninalolihofia ni namna yetu tuliyozoea ya kushukuru.

Mwenye figo zilizokufa anaishi kwa ratiba ya mashine: muda wa saa nne hivi kila anapokwenda, mara mbili au tatu kwa wiki, damu inatoka, inachujwa, inarudishwa. Maji anayapima kwa kikombe, hata Februari na Machi, joto la Malindi linapomtoa kila mtu barazani. Akipandikizwa figo anaachana na mashine, lakini dawa za kuuzuia mwili usiikatae atazimeza maisha yake yote, na bei yake si ya mchezo. Kabla ya hapo kuna vipimo, safari za Nairobi au India, na michango ambayo sijui ukoo gani wa hapa haujawahi kuitiwa. Kanisa lipo katika kila hatua: linaombea, linachangisha, linatembelea mgonjwa. Operesheni ikifaulu, tunamwita aliyepona atoe ushuhuda, vigelegele vinapigwa, anacheza na ndugu zake mpaka altareni. Yule aliyelala kitanda cha pili, akapasuliwa ilhali mzima wa afya, yuko nyuma anapiga makofi kama sisi wengine. Wanaoitaka ibada wana haki ya kuuliza kwa nini tunashukuru kwa mvua na kwa mtihani uliopitwa, na huyu hatujamwambia asante.

Mafundisho hayawapingi. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae wa 1995, aliuhesabu utoaji wa viungo kuwa miongoni mwa ushujaa wa kila siku, mradi ufanywe kwa njia ya haki. Agosti 2000, akihutubia mkutano wa madaktari wa upandikizaji huko Roma, alirudia kwamba kiungo cha mtu si bidhaa. Majirani zetu Waislamu nao wana msingi wao: Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu upandikizaji kwa masharti, na kuuza likakataza. Wapo masheikh wasioafiki, wanaokumbusha hadithi kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Mjadala huo ni wao, lakini katika mji wenye koo zilizochanganyika kama huu, utaingia hata sebuleni kwa Mkristo.

Sasa nije kwa wanaopinga, maana hawapingi kwa ushamba.

Malindi haiwezi kulisikia neno kanisa na neno viungo katika sentensi moja bila kukumbuka msitu wa Shakahola. Mwaka 2023 msitu ule ulianza kufukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikatolewa, ya watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Miili ililetwa mochari ya hapa mjini, na familia zikakaa nje siku nyingi zikingoja. Mei mwaka huo hati ya kiapo ya polisi iliyowasilishwa mahakamani ilidai baadhi ya miili haikuwa na viungo vyote. Maofisa wa serikali walikanusha, lakini neno lilikuwa limeshafika kila kijiwe, na aliyezika bila kujua azika mzima au pungufu hakufarijiwa na kanusho. Halafu ikaja 2025, Wizara ya Afya ikasimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret baada ya waandishi wa nje kufichua tuhuma za biashara ya figo, vijana maskini wakitajwa kuwa wauzaji. Pwani pia inajua jinsi kitu cha heshima kinavyogeuzwa bidhaa: vigango, nguzo ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee waliokufa wa Gohu, chama chao cha wazee wa heshima, viling'olewa usiku vikauzwa mpaka Marekani.

Kwa hiyo mzee akiniambia kanisa likae mbali kabisa na habari za figo, namwelewa. Ila kukaa mbali kumeshajaribiwa, na kumewaachia madalali uwanja. Sheria ya Afya ya 2017 inataka ridhaa ya maandishi, na inamtia hatiani anayetoza fedha kwa kiungo cha binadamu. Inamruhusu pia mtu mzima kuagiza, kwa wosia au kwa kauli mbele ya mashahidi wawili, mwili wake utumikeje baada ya kufa. Ni wangapi kwetu wamewahi kuambiwa hayo na mtu wasiyemshuku? Padri akiyasema waziwazi, mbele ya watu wote, muuguzi akiwa pembeni kujibu maswali, huo utakuwa msaada mkubwa kuliko mabango.

Hoja inayonishinda kuipuuza ni nyingine, na haikutoka kwa msomi.

Dublin wanamshukuru marehemu asiyejulikana. Kwetu Kenya figo hutolewa hasa na jamaa aliye hai: dada, mke, mtoto, mama. Jina lake linajulikana, kiti chake kanisani kinajulikana. Na duniani kote waliotoa figo wakiwa hai wengi wao ni wanawake, jambo ambalo wanaume tungelitafakari kabla ya kupanga nyimbo. Ukimwita huyo mbele na kumvisha leso mpya, umeshamwonyesha pia yule ambaye hakuitwa. Nina jirani, mama wa makamo, aliyenisikiliza nikieleza mpango wote kisha akasema: "Mwanangu, mimi nina watoto watatu. Mmoja aliugua, mmoja akatoa, mmoja akakataa. Mkimwita aliyetoa, mtakuwa mmemwita na aliyekataa, kwa kukaa kwake."

Sikuwa na jibu. Kumpasua mtu mzima kwa faida ya mwingine kuna hatari, ndogo lakini ya kweli, na ridhaa haina maana kama hakuna ruhusa ya kusema la. Kijana akishaona dada yake amepigiwa vigelegele kanisa zima, siku zamu yake ikifika atasemaje la? Huko ni kumkaba shingo, hata kukiwa na uvumba. Wapo pia waliojitolea wakapimwa, ikaonekana figo yao haimfai mgonjwa. Wapo ambao figo waliyoitoa ilikataliwa na mwili wa ndugu yao, wakabaki na kovu na kaburi. Ibada ya wenye furaha peke yao itawafungia hao nje.

Maandiko yenyewe yanatuvuta pande mbili. Mathayo 5 inasema nuru yetu iangaze mbele ya watu, wapate kuyaona matendo yetu mema. Ukifungua sura inayofuata unaambiwa utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Katika jambo hili naegemea sura ya sita. Nuru iangaze juu ya tendo, mtu asimulikwe.

Namna ninayoiona ni hii. Asisimamishwe mtu, yasisomwe majina, wala pasiwe na bahasha ya mchango siku hiyo. Mishumaa iwekwe mlangoni, kila aingiaye achukue wake bila kuulizwa anawasha kwa ajili ya nani. Maombi yawataje waliotoa, waliopokea, walioshindwa na walioogopa, kwa pumzi moja. Muuguzi azungumze baada ya baraka, nje chini ya mwarobaini, ili mwenye dini nyingine naye aweze kuvuta kiti akasikiliza.

Nilirudi kwa jirani yangu nikamweleza hivyo. Alinyamaza kitambo, akipepeta mchele wake. Kisha akauliza kama itakuwa misa ya kwanza au ya pili, maana yule mwanawe aliyekataa husali ya kwanza.