Aliyebeba gunia hasomi ukutani

Godauni nililowahi kufanyia kazi, upande wa Nyakato jijini Mwanza, lilikuwa na mabango kumi na moja ya usalama ukutani. Niliyahesabu siku moja nikisubiri lori la mchele. Tisa yalikuwa ya Kiingereza. Sakafu yenyewe ilikuwa zege tupu, kijivu kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na juu yake foklifti, yale magari madogo ya kunyanyulia mizigo, matoroli na watu walipishana kama abiria wa stendi ya Buzuruga saa kumi na mbili jioni.

Kibarua mmoja akakanyagwa mguu na foklifti. Meneja alipofika akauliza kwa ukali, "Kwani hakuona bango?" Mzee mmoja wa kupakua, mtu aliyebeba mizigo tangu enzi za marobota ya pamba, akamjibu taratibu: "Bosi, ukiwa na gunia mgongoni unaona vidole vyako tu."

Kijana alivunjika vidole viwili, akapelekwa hospitali kwa bajaji. Wiki iliyofuata nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine, na huyo naye hakuna aliyemwonyesha pa kupita wala pa kukwepa.

Jibu la yule mzee halijanitoka. Tunabandika maonyo mahali anapoangalia mgeni aliyesimama mikono mfukoni, ilhali anayeumia ni yule aliyeinama. Yeye anaiangalia sakafu kutwa nzima. Basi ipake rangi hiyo sakafu. Wenye viwanda wengi wa hapa kwetu wakisikia habari ya sakafu za rangi hudhani ni urembo, kitu cha kupigia picha mgeni akija. Mimi naona ndiyo mafunzo pekee anayoweza kupewa kibarua aliyeingia getini saa moja asubuhi na ambaye kesho huenda asirudi.

Rangi zenyewe si siri. Viwango vya kimataifa vya alama za usalama vimezoea nyekundu kwa vifaa vya kuzimia moto na makatazo, njano kwa tahadhari, kijani kwa huduma ya kwanza na njia za kutokea, bluu kwa mambo ya lazima kama kuvaa kofia ngumu. Kwa sakafu hakuna orodha moja inayofuatwa dunia nzima. Kila kiwanda hujipangia, ingawa mstari wa njano kando ya njia utaukuta karibu kila mahali. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi. Bango la Kiingereza mbele ya mtu asiyesoma Kiingereza sidhani kama linautua mzigo huo.

Wenzetu wa samaki walitutangulia, na hawakutangulia kwa kupenda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, na viwanda vya minofu ya sangara vikalazimika kujipanga upya. Dada yangu alikata minofu kwa miaka minne. Alinisimulia kwamba kwao sakafu ilibadilika rangi mlangoni kabisa: huku wanapokea samaki na kutoa mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, kule wanafungasha. Gambuti za huku hazikanyagi kule, na katikati kuna kidimbwi cha maji ya klorini cha kukanyagia. Mtu akijisahau, supavaiza hakuwa na hotuba. Alipiga kelele "Rangi!" na mhusika akarudi kinyumenyume. Kwao neno hilo moja lilitosha, kwa sababu kila mtu alijua kwamba uchafu wa upande wa samaki wabichi husafiri kwa nyayo.

Nasi tukajaribu, na tukaharibu. Habari zilikuja kwamba wakaguzi wako njiani, ikanunuliwa rangi ya kawaida ya ukuta, mafundi wakapiga mistari Jumamosi usiku juu ya zege lenye mafuta ya mashine. Jumatano ilikuwa inabanduka kama ngozi ya aliyeungua jua. Wapinzani wakapata la kusema: "Si mnaona? Mambo ya Wazungu hayo."

Kosa halikuwa la rangi. Zege jipya linahitaji kama siku 28 kukomaa kabla hujaligusa na epoksi, ile rangi ngumu ya sakafu, na la zamani linataka kukwanguliwa na kuoshwa mafuta kwanza. Huku kwetu kandokando ya ziwa kuna na unyevu unaopanda kutoka chini. Fundi mmoja wa Igogo alinifundisha kipimo cha bure: bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta jasho chini yake, rudisha kopo stoo. Na penye maji changanya mchanga laini kwenye rangi, la sivyo umewatengenezea watu mtelezo wenye rangi nzuri. Kumbi zinazooshwa kwa maji ya moto ni habari nyingine. Huko epoksi hulegea na kuachia, na wanaojua huweka sakafu ya poliurethani, aina ya plastiki ngumu, iliyochanganywa na saruji.

Rangi zisizidi tatu au nne. Nimeona mahali wamepaka saba, na mtu inabidi asimame kufikiri anakanyaga nini. Kuna wanaume wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, tena wengine hawajui mpaka leo, kwa hiyo ongeza michoro: nyayo kwenye njia ya watu, mistari ya mshazari, njano na nyeusi, pale foklifti inapokata kona. Na taa ziwe nyeupe. Chini ya zile taa za zamani za mwanga wa njano, rangi ulizolipia zote zinafanana.

Vijana wetu, ni kweli, waliligeuza utani. Eneo jekundu la mitungi ya kuzimia moto likaitwa Msimbazi, kwa Simba, njia ya kijani na njano ikawa ya Wananchi, yaani Yanga, na shabiki mmoja wa Simba akaapa kutoikanyaga. Nilicheka, lakini kwa ndani nilifurahi. Sehemu iliyopewa jina na wafanyakazi wenyewe haisahauliki.

Kinachoua mpango huu ni wakubwa. Msimu wa mpunga ukipamba moto, paleti zinapangwa juu ya njia ya watu "kwa leo tu", na meneja anapita katikati ya njia ya foklifti simu ikiwa sikioni. Hapo mstari unakuwa kama pundamilia wa barabarani mbele ya dereva wa daladala.

Ninapofanya kazi sasa niliomba jambo moja kabla ya kupaka: sakafu isifagiwe siku mbili. Vumbi la pumba lilikuwa limetanda vizuri, na asubuhi ya tatu njia zote zilionekana zimechorwa kwa nyayo na magurudumu. Tukafuata hizo. Mahali pamoja vibarua walikuwa wanakata kona karibu na nguzo badala ya kuzunguka, kwa hiyo tukaihamisha njia ya foklifti, na mstari wa njano ukapinda.

Meneja alipouona akauliza kwa nini haujanyooka. Nikamwambia abebe gunia kutoka kwenye lori mpaka mwisho wa stoo, kisha aniambie angepita wapi.